Sungura Akianguka Degedege: Mwongozo Kamili wa Kulitambua na Kumhudumia, Hatua kwa Hatua

Maelezo ninayoyapata kuhusu sungura walioanguka degedege yanafanana mno. Mwenye sungura alisikia kishindo bandani, akamkuta mnyama amelala ubavu akirusha miguu, akamnyakua na kumkumbatia kifuani. Mwingine alimmwagia maji usoni. Mwingine alimtia kijiko mdomoni. Walipofika kwa daktari na kuulizwa degedege lilichukua muda gani, hakuna aliyekuwa na jibu. Na wapo waliofika na sungura aliyekwisha kuzinduka vizuri, ila miguu ya nyuma haisogei, kwa sababu mgongo ulivunjika mikononi mwao.

Hawa ni watu wanaowapenda sungura wao. Walichokosa ni mpangilio, yaani kipi kitangulie na kipi kisifanywe kabisa. Usome mwongozo huu leo sungura wako akiwa mzima, kwa sababu siku ya tukio hutakuwa na nafasi ya kusoma.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Degedege ni tukio lenyewe: umeme wa ubongo unavurugika, mwili unakakamaa na kutukutika. Kifafa ni ugonjwa wa matukio hayo kujirudia. Sungura aliyeanguka mara moja hatujasema kwamba ana kifafa.

## Vitu vya kuandaa mapema

Viweke pamoja mahali pamoja panapofikika hata gizani:

- Saa inayoonyesha sekunde, au simu yenye chaji.
- Taulo nne. Mbili za kuzungushia pembeni, moja ya kutandika, moja ya kulowesha.
- Boksi la kubebea, likiwezekana lenye mlango wa juu. Mlango wa juu unakuwezesha kumteremsha bila kumsukuma wala kumvuta.
- Glavu.
- Kipimajoto cha kidijitali, ikiwa daktari amekuonyesha namna ya kumpima sungura njia ya haja kubwa. Kama hukuonyeshwa, usijaribu kwa mara ya kwanza siku hiyo.
- Mizani, na uzito wake wa karibuni umeandikwa kwenye mfuniko wa boksi. Dawa za sungura hupimwa kwa kilo, na daktari atakuuliza kwenye simu.
- Bomba la sindano lisilo na sindano, pamoja na chakula cha unga cha wanyama wagonjwa wanaokula majani.
- Namba mbili za simu: ya daktari wa wanyama anayewajua sungura, na ya anayepokea usiku. Usidhani kila daktari wa wanyama ni wa sungura. Wengi wamezoea mbwa na paka, hivyo uliza kabla hujamhitaji.

Kijiko, maji ya barafu na vitu vya kunusisha havina kazi hapa.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni degedege

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Degedege la mwili mzima huonekana hivi. Sungura anaanguka ghafla ubavu, shingo inapinda kuelekea mgongoni, miguu inakakamaa, kisha inaanza kupiga hewani kama ya anayeogelea. Taya zinaweza kutafuna bila kitu. Macho yamekodoka lakini hayaoni. Mkojo au kinyesi hutoka bila yeye kujua, na mara chache hutoa ukelele. Ukimwita, hana habari nawe.

Lipo pia degedege la sehemu: sikio moja, upande mmoja wa uso au mguu mmoja unatukutika wenyewe huku sungura amesimama. Hili hupita bila kugunduliwa. Ukiliona, lihesabu kuwa degedege na ulirekodi.

Sasa yale yanayofananishwa nalo.

Kubiringika kwa kizunguzungu. Hili linawachanganya watu kuliko yote. Ugonjwa wa sikio la ndani au wa ubongo humpotezea sungura hisia ya juu na chini. Kichwa kinapinda upande, mboni zinacheza kwa mpigo, naye anabiringika kama gogo, mara nyingi kuelekea upande uleule. Inatisha kuiona. Lakini huyu ana fahamu: anahangaika kushika sakafu kwa kucha, anatulia ukimkinga ubavuni kwa taulo, na akishatulia anaweza kula jani ukimpelekea mdomoni. Aliye ndani ya degedege hawezi hata moja kati ya hayo. Tena kubiringika kunaweza kuendelea kwa saa nyingi, ilhali degedege kwa kawaida huisha ndani ya dakika 2. Anayebiringika naye apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo.

Ndoto. Sungura aliyelala fofofo hutikisa sharubu, kope na hata miguu. Gonga sakafu kidogo, ataamka na kukutazama.

Kujibwaga kwa raha. Sungura aliyeridhika hujitupa ubavu ghafla na kubaki ametulia tuli. Mwili umelegea, pumzi ni za utaratibu. Wengi wamewahi kudhani amekufa.

Kulegea mwili mzima. Sungura amekuwa laini kama kitambaa, hawezi kuinua kichwa, lakini macho yanakufuata na hakuna mtukutiko. Hili si degedege, ila ni hatari na halingoji kesho.

Kuzimia kwa ajili ya moyo. Anaanguka akiwa amelegea, na baada ya sekunde chache anainuka kama vile hakuna kilichotokea, bila kuchanganyikiwa.

*Umefanikiwa ikiwa* ndani ya sekunde chache unaweza kujibu maswali mawili: ananisikia au hanisikii? Mwili umekakamaa na kutukutika, au umelegea?

## Hatua ya 2: Tazama saa

Fanya hivyo kabla ya jambo jingine lolote. Tamka saa kwa sauti ili uikumbuke: "saa tatu na dakika kumi na mbili."

Hofu hurefusha muda. Sungura wangu alipoanguka mara ya kwanza ningeapa kwamba alitukutika kwa dakika tano nzima. Video ilionyesha sekunde 50. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa, maana degedege linalopita dakika 5 linaweza lisikome lenyewe, na kila dakika inayoongezeka huzidisha joto la mwili na kuudhuru ubongo. Daktari anaamua kwa kutumia namba, na wewe ndiye unayeishika.

## Hatua ya 3: Ondoa hatari, mwache sungura

Safisha eneo. Ondoa bakuli la maji, kwa sababu pua ikiingia humo atavuta maji. Ondoa vyungu, vijukwaa na chochote kigumu. Kama yuko karibu na waya za banda, ziba kwa taulo iliyokunjwa. Mtoe sungura mwenzake: anaweza kupigwa teke, au kwa kutoelewa akamshambulia. Zima televisheni, punguza mwanga, watoto watoke chumbani.

Taulo zikae pembeni mwa mwili, sio chini ya kichwa. Sungura hupumua kwa pua, hana mazoea ya kupumua kwa mdomo kama sisi, na kitambaa kilichokunjamana mbele ya pua kinatosha kumziba.

Yupo juu ya kitu kirefu? Mtelezeshe taulo chini yake, uivute taulo pamoja naye hadi sakafuni. Hiyo, pamoja na kumtoa juani, ndiyo sababu pekee ya kumhamisha.

Mambo manne usiyafanye:

1. Usimbane wala kumkumbatia. Mifupa ya sungura ni myepesi sana, takriban asilimia 8 ya uzito wake, huku misuli ya miguu ya nyuma ikiwa na nguvu za ajabu. Akipiga teke wakati kiuno kimeshikwa, nguvu yote inaishia kwenye uti wa mgongo. Hivi ndivyo migongo inavyovunjika.
2. Usimgeuze chali. Watu huamini kwamba kumlaza chali kunamtuliza. Utulivu ule ni woga wa mnyama aliyekamatwa na adui, na moyo wake unakwenda mbio ndani yake.
3. Usitie kitu mdomoni. Sungura hamezi ulimi wake. Utavunja meno, utang'atwa, au utaziba njia ya hewa.
4. Usimmwagie maji wala kumnywesha chochote, iwe maji, asali au dawa. Asiyeweza kumeza hupeleka kila kitu mapafuni.

### Kama chanzo ni joto

Hapa ndipo mkono wako unaruhusiwa kufanya kazi. Sungura hawezi kutoka jasho vya kutosha wala kuhema kama mbwa. Hupoza mwili hasa kwa mishipa ya masikio. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 38.5 na 40 za Selsiasi, na likizidi hapo kwa nyuzi moja tu tayari yuko hatarini. Ukimkuta mahali penye joto, masikio ya moto, mdomo wazi na mate yanatoka, mhamishie kivulini kwa taulo, lowesha masikio kwa maji ya kawaida na upepee.

Barafu usitumie. Baridi kali huibana mishipa ya masikio, na joto linabaki limefungiwa ndani. Masikio yakishapoa, acha kulowesha, kwani sungura aliyetoka kwenye degedege hupoteza joto upesi kuliko unavyodhani.

## Hatua ya 4: Rekodi video

Eneo likishakuwa salama, chukua simu. Rekodi mwili mzima, kisha sogea uchukue macho na mdomo, kisha rudi kwenye mwili. Usizungumze unaporekodi, isipokuwa kumwita jina mara moja ili daktari aone kama anaitika.

Najua kurekodi kipenzi chako akiteseka kunajisikia vibaya. Rekodi hata hivyo. Sungura wengi hufika kliniki wakiwa wamezinduka na wanaonekana wazima, na bila video daktari atabaki kukisia kati ya degedege, kizunguzungu na moyo.

## Hatua ya 5: Amua, sasa hivi au leo

Ondoka mara moja huku mwenzako akipiga simu, kama kuna lolote kati ya haya:

- Degedege limepita dakika 5.
- Limerudi kabla hajazinduka, au amepata mawili na zaidi ndani ya saa 24.
- Chanzo ni joto, sumu, au ameanguka au kugongwa.
- Ufizi au midomo imekuwa ya buluu au kijivu.
- Damu inatoka puani.
- Ni jike mwenye mimba au aliyezaa karibuni.

Nje ya hayo, sungura aliyeanguka kwa mara ya kwanza aonwe na daktari siku hiyohiyo. Sikubaliani na ushauri wa "mwangalie kwanza wiki moja". Sungura ni mnyama wa kuwindwa, na huficha ugonjwa mpaka ashindwe kuuficha. Degedege maana yake ameshashindwa.

Kwenye simu sema kwa mpangilio huu: ni sungura, uzito wake, lilianza saa ngapi, limechukua muda gani, bado linaendelea au limeisha, na unachoshuku.

## Hatua ya 6: Degedege likiisha

Mitukutiko ikikoma, ubongo bado haujarudi. Kwa dakika kadhaa, na mara nyingine saa kadhaa, sungura anaweza kuyumba, kugonga ukuta kana kwamba haoni, kujibanza pembeni au kutafuta chakula kwa pupa. Hayo yote ni ya kawaida kwa kipindi hiki.

Kaa sakafuni karibu naye, zungumza kwa sauti ya chini. Hesabu pumzi: kifua kikipanda mara 30 hadi 60 kwa dakika, ni sawa. Masikio yakiwa baridi, mfunike mwili kwa taulo nyepesi, uso ukiwa wazi.

Chakula na maji subiri mpaka akae mwenyewe, kichwa kimesimama, na achukue jani kwa hiari yake. Ukilazimika kumsukumia mdomoni, basi wakati wake haujafika.

*Umefanikiwa ikiwa* anageuza sikio au kichwa ukimwita, anakaa bila kuanguka, na pumzi zimetulia.

## Hatua ya 7: Safari

Tandika boksi kwa taulo isiyoteleza, viringisha mbili nyingine uziweke pande zote mbili za mwili ili hata akianguka tena asijigonge. Funika boksi kwa kitambaa chepesi, ukiacha nafasi ya hewa. Gari liwe limepoa kabla ya kumwingiza.

Sungura waliozoeana wapelekwe pamoja. Mwenzake humpunguzia hofu, na daktari huenda akataka kumpima naye. Ila mtenganishe kwa boksi lake kama mgonjwa bado anatukutika.

Usimnyime chakula kwa kudhani atachomwa dawa ya usingizi. Sungura hatapiki, na tumbo lake halitakiwi kukaa tupu. Weka nyasi kavu ndani ya boksi.

## Hatua ya 8: Msaidie daktari kutafuta chanzo

Kwa sungura, degedege mara nyingi ni dalili ya kitu kingine. Ukijua daktari anatafuta nini, utakumbuka mambo ambayo vinginevyo yangekupita.

Kimelea cha ubongo na figo. Jina lake ni Encephalitozoon cuniculi. Sungura humpata kutoka kwa mama yake au kwa kula kitu chenye mkojo wa sungura aliyeambukizwa. Anaweza kuishi naye miaka bila dalili, kisha siku moja kichwa kikapinda, miguu ya nyuma ikalegea, jicho likaingia ukungu, au akaanguka degedege. Mwambie daktari kama anakunywa maji kuliko zamani au anajilowesha mkojo. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili, yaani chembe ambazo mwili hutengeneza kupambana na kimelea, lakini kingamwili zinaonyesha kwamba amewahi kukutana na kimelea, si lazima kwamba ndicho kinachomwangusha leo. Sungura wengi wazima wanazo. Kwa hiyo usishangae daktari akitaka vipimo zaidi. Tiba inayotumika sana ni fenbendazoli kwa siku 28, na kwa kuwa dawa hiyo inaweza kudhuru uboho wa mifupa, usiirefushe kwa uamuzi wako.

Maambukizi ya sikio au jipu linaloenea hadi kwenye ubongo. Taja kama amekuwa akikuna sikio, kupiga chafya au kutoka usaha puani.

Sumu. Fikiria kila alichotafuna: rangi ya zamani yenye madini ya risasi, vyuma vya kulehemu, chambo cha konokono au panya, majani yaliyopuliziwa dawa. Na hili nalisema kwa uchungu: dawa ya viroboto ya mbwa na paka yenye fipronili humletea sungura degedege na kumuua. Watu huipaka kwa nia njema kabisa. Ukiwa na shaka, nenda na kopo au pakiti yake.

Sukari kushuka na ini kuchoka. Hutokea kwa sungura aliyeacha kula, hasa mnene, na kwa jike mwishoni mwa mimba.

Kifafa chenyewe. Kimeelezwa zaidi kwa sungura weupe wenye macho ya buluu, lakini daktari hufikia hapo baada ya kuondoa mengine yote.

Usimpe dawa yoyote ya binadamu ukiwa nyumbani. Usimmezeshe pia antibayotiki iliyobaki ya mnyama mwingine: amoksilini ya kumeza, ambayo mbwa huivumilia, huua bakteria wazuri wa tumbo la sungura na inaweza kumuua naye.

## Hatua ya 9: Saa 48 zinazofuata, linda tumbo

Nimeona sungura akinusurika degedege kisha akafa kwa tumbo kusimama siku mbili baadaye. Hofu, dawa na kutokula hupunguza mwendo wa utumbo, na kwa sungura utumbo uliosimama ni dharura nyingine kamili.

Hesabu punje za kinyesi. Ziwe nyingi, za mviringo, za ukubwa wa kawaida. Zikipungua, zikiwa ndogo au zikishikana kwa manyoya, mpigie daktari. Akikaa saa 12 bila kula au bila kinyesi, usingoje asubuhi.

Daktari akikuagiza kumlisha kwa bomba, mkalishe kwa tumbo, kichwa katika usawa wake wa kawaida. Ingiza ncha pembeni, nyuma ya meno ya mbele, na utoe kidogokidogo, ukisubiri ameze. Usikiinamishe kichwa nyuma. Mpime uzito kila siku saa ileile.

## Hatua ya 10: Banda, mwenzake na wewe

Kama kimelea kinashukiwa, mkojo ndio njia yake ya kuenea. Ondoa matandiko kila siku, osha kwa sabuni, kisha mwagia maji yanayochemka au dawa ya klorini iliyochanganywa na maji. Suuza, kausha, ndipo umrudishe. Mwenye kinga dhaifu ya mwili asifanye kazi hii.

Kama sungura aling'atwa na mnyama wa porini au mbwa asiyejulikana siku za nyuma, vaa glavu na umwambie daktari kabla hajamgusa. Kichaa cha mbwa kwa sungura ni nadra, lakini kipo.

Sambaza mazulia au mikeka bandani, ondoa ngazi na ghorofa. Sungura anayeweza kuanguka tena asiwe na mahali pa kuangukia.

## Hatua ya 11: Daftari na dawa za kila siku

Andika kila tukio: tarehe, saa ya kuanza na ya kuisha, alichokuwa akifanya, upande ulioanza, kama alikojoa, na alichukua muda gani kurudi sawa. Andika na mabadiliko: chakula kipya, joto kali, dawa mpya, wageni. Kurasa mbili za namna hii humsaidia daktari kuamua kama dawa ya kila siku inahitajika au la.

Ikihitajika, huenda akaandikiwa fenobabitali au levetirasetamu. Mpe saa zilezile bila kuruka. Usiikatishe ghafla hata kama amekaa miezi bila kuanguka, kwa kuwa kuikatisha kwenyewe kunaweza kuleta degedege kali kuliko lile la kwanza. Hupunguzwa polepole, kwa maelekezo. Ukiwa umebakiwa na dawa ya wiki moja, agiza nyingine.

Matukio yakizidi kukaribiana hata akiwa kwenye dawa, au akawa hawezi tena kula, kujisafisha na kukaa wima kati ya tukio na tukio, panga siku ya kuzungumza na daktari ana kwa ana kuhusu kumpumzisha, yaani kumlaza kwa dawa asiamke tena. Nenda na daftari. Hesabu siku zake njema na mbaya za mwezi uliopita, mwonyeshe.